Mizani ya Kodi: Duka la Kata na Kampuni Kubwa Mbele ya Sheria



Wafanyabiashara wadogo huuliza mara nyingi: je, sheria za kodi humbana mdogo na kumwachia mkubwa? Swali hili si la barazani peke yake. Mwezi Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, walifunga maduka yao kwa sababu ya malalamiko ya kodi, na mwezi Juni 2024 wakayafunga tena. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Rais alizindua tume ya kutazama upya mfumo wa kodi nchini. Jambo linalofikisha watu hapo linastahili kuelezwa kwa utulivu, kwa hesabu na kwa vifungu vya sheria.

Somo hili halikusudii kumtetea yeyote. Linakusudia kuonyesha mahali ambapo sheria humtazama mdogo kwa jicho la huruma, mahali ambapo humlemea kuliko inavyomlemea mkubwa, na mahali ambapo mzigo huo unaweza kupunguzwa na mfanyabiashara mwenyewe. Jambo moja litajirudia tangu mwanzo hadi mwisho: sheria huona kilichoandikwa. Kampuni kubwa ina watu wa kuiandikia. Mwenye duka ana kumbukumbu kichwani, nayo kumbukumbu ya kichwani haina nguvu mbele ya mkadiriaji wa kodi.

Ngazi ambazo sheria imeziweka

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haimtazami kila mfanyabiashara kwa namna moja. Mtu binafsi mkazi wa Tanzania ambaye mapato yake yote yanatokana na biashara iliyo nchini, na ambaye mauzo yake kwa mwaka hayazidi shilingi milioni 100, huingia katika utaratibu wa kodi ya makadirio. Watoa huduma za kitaalamu, mathalani wanasheria na wahasibu, wamewekwa kando ya utaratibu huu. Kampuni nayo, iwe kubwa au ndogo, hulipa asilimia 30 ya faida yake.

Ndani ya kodi ya makadirio zipo ngazi. Mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni 4 kwa mwaka halipi kodi ya mapato. Hawa ndio wale ambao mwezi Desemba 2018 walianza kupewa vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000. Kwa ngazi mbili zinazofuata, viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ni hivi:

Mauzo yanayozidi milioni 4 hadi milioni 7: asiyetunza kumbukumbu hulipa shilingi 100,000. Anayetunza kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 4.

Mauzo yanayozidi milioni 7 hadi milioni 11: asiyetunza kumbukumbu hulipa shilingi 250,000. Anayetunza kumbukumbu hulipa shilingi 90,000, pamoja na asilimia 3 ya kiasi kinachozidi milioni 7.

Juu ya hapo viwango hupanda, na kumbukumbu huwa za lazima zaidi. Bunge hupitisha Sheria ya Fedha kila mwaka, na mabadiliko mengi huanza Julai 1. Kwa hiyo, kabla ya kulipa, thibitisha viwango vya mwaka husika katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA, iliyo karibu nawe.

Mmoja hupimwa kwa mauzo, mwingine kwa faida

Tofauti kubwa kuliko zote kati ya duka la kata na kampuni haiko katika asilimia. Iko katika kitu kinachopimwa. Kodi ya makadirio hupima mauzo, yaani fedha yote iliyopita mkononi. Kodi ya kampuni hupima faida, yaani kilichobaki baada ya kutoa bei ya bidhaa, mishahara, pango, umeme, usafiri na gharama nyingine halali.

Tuchukue mfano wa mwenye duka la rejareja anayeuza bidhaa za shilingi 10,000,000 kwa mwaka. Hayo ni mauzo ya shilingi 27,000 na kitu kwa siku. Akiwa na kumbukumbu, kodi yake ni shilingi 90,000, kuongeza asilimia 3 ya milioni 3 iliyozidi, ambayo pia ni shilingi 90,000. Jumla ni shilingi 180,000.

Sasa tuulize faida yake. Anayeuza sukari, unga na mafuta ya kula hubakiwa na kidogo mno katika kila kilo. Tuseme faida yake ni asilimia 3 tu ya mauzo, yaani shilingi 300,000 kwa mwaka. Kodi ya shilingi 180,000 imechukua asilimia 60 ya faida hiyo. Asipokuwa na kumbukumbu, atalipa shilingi 250,000, na atabakiwa na shilingi 50,000 kwa jasho la mwaka mzima.

Kampuni ya jumla yenye mauzo ya shilingi bilioni 10 na faida ya asilimia 3 kama yake hupata faida ya shilingi milioni 300. Kodi yake ni asilimia 30 ya faida hiyo, yaani shilingi milioni 90, nayo hubakiwa na milioni 210. Ikipata hasara, kwa kawaida hailipi kodi ya mapato kwa mwaka huo, na hasara hiyo huweza kuhamishiwa miaka ijayo ili kupunguza faida itakayotozwa kodi. Sheria imeweka mpaka: kampuni inayotangaza hasara kwa miaka mitatu mfululizo hutozwa asilimia ndogo ya mauzo yake. Mwenye duka aliye katika makadirio hana nafasi ya kueleza hasara. Hata mwaka ambao mvua zimekatika na wateja wamekopa bila kulipa, mauzo yake hubaki kuwa ndiyo kipimo.

Hata hivyo, haki inatutaka tutazame upande wa pili wa mizani. Fundi cherehani, kinyozi au mama lishe mwenye mauzo yaleyale ya milioni 10 anaweza kubakiwa na milioni 2. Naye kodi yake ni shilingi 180,000, sawa na asilimia 9 tu ya faida. Kampuni yenye faida ya milioni 2 ingelipa shilingi 600,000. Kwa mauzo ya milioni 10, mpaka kati ya mzigo mwepesi na mzito ni faida ya shilingi 600,000, yaani asilimia 6 ya mauzo. Anayepata zaidi ya hapo, kodi ya makadirio imemhurumia kuliko kodi ya kampuni. Anayepata chini ya hapo, imemlemea. Basi si kweli kwamba sheria imewabana wadogo wote. Imewabana zaidi wale wanaouza sana kwa faida nyembamba.

Sheria imewaachia hawa mlango. Mtu binafsi anaweza kuchagua kutotumia utaratibu wa makadirio, akaandaa hesabu zake na kutozwa kwa faida, kwa viwango vya mtu binafsi. Katika viwango hivyo, kipato kisichozidi shilingi 3,240,000 kwa mwaka hakitozwi kodi. Mwenye duka wa mfano wetu, mwenye faida ya shilingi 300,000, asingedaiwa kodi ya mapato. Mlango upo, lakini ufunguo wake ni hesabu kamili na ritani inayowasilishwa kwa wakati. Kumlipa mhasibu aiandae hesabu hiyo kunaweza kugharimu zaidi ya kodi anayotaka kuikwepa kihalali. Kwa hiyo, pima kwanza, na uulize TRA masharti yake kabla ya mwaka kwisha.

Thamani ya daftari

Rudi kwenye viwango vilivyotajwa juu, utaona kwamba sheria imeipa daftari bei. Mwenye mauzo ya milioni 6 bila kumbukumbu hulipa shilingi 100,000. Akiwa nazo hulipa shilingi 60,000. Mwenye mauzo ya milioni 7 na nusu bila kumbukumbu hulipa shilingi 250,000. Akiwa nazo hulipa shilingi 105,000. Tofauti ni shilingi 145,000 kwa mwaka mmoja, nayo inatokana na daftari na kalamu.

Upo pia mtego wa kuvuka ngazi. Asiye na kumbukumbu, mauzo yake yakipanda kutoka milioni 6 na laki 9 hadi milioni 7 na laki 1, kodi yake huruka kutoka shilingi 100,000 hadi 250,000. Ameongeza mauzo ya shilingi 200,000, na robo tatu ya yaliyoongezeka yamekwenda katika kodi, kabla hata ya kutoa bei ya bidhaa. Mwenye kumbukumbu hapandi kwa kuruka. Hupanda hatua kwa hatua, asilimia 3 ya kilichozidi.

Daftari lina kazi nyingine iliyo nzito zaidi. Afisa akikadiria mauzo yako kuwa milioni 10 nawe unajua hayakufika milioni 7, utamwonyesha nini? Maneno matupu hayavunji makadirio. Ukurasa wenye tarehe, bidhaa, kiasi na bei, ukiambatana na risiti za manunuzi, ni ushahidi unaotambuliwa na Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015. Sheria hiyo inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu kwa muda usiopungua miaka 5. Kwa sababu hiyo, unaponunua bidhaa kwa mwenye duka la jumla, dai risiti ya mashine. Risiti hiyo ndiyo inayoonyesha kiasi ulichotumia kununua. Ukiiacha kaunta, umeacha sehemu ya utetezi wako.

Kodi ya Ongezeko la Thamani

Kodi ya Ongezeko la Thamani, inayojulikana kwa kifupi kama VAT, ina kiwango cha kawaida cha asilimia 18 Tanzania Bara. Tangu Julai 1, 2023, kwa kawaida anayepaswa kujisajili ni mfanyabiashara ambaye mauzo yake yanafikia shilingi milioni 200 kwa mwaka. Kabla ya hapo ukomo ulikuwa shilingi milioni 100. Kwa hiyo wenye maduka wengi wa kata hawamo.

Kutokuwamo hakuna maana ya kutolipa. Mwenye duka akinunua jokofu kwa shilingi 1,180,000, ndani ya bei hiyo mna VAT ya shilingi 180,000. Kampuni iliyosajiliwa ikinunua jokofu lilelile kwa shughuli zake, huihesabu hiyo 180,000 kama kodi iliyokwisha kulipwa na kuipunguza katika kodi inayotakiwa kuwasilisha. Gharama yake halisi ni shilingi 1,000,000. Mwenye duka hana pa kuidai. Kwake gharama ni shilingi 1,180,000 nzima.

Kuna jambo jingine lisiloonekana haraka. Kampuni iliyosajiliwa, inapotafuta mtu wa kuiuzia bidhaa au huduma, hupenda yule aliyesajiliwa kama yenyewe, kwa sababu risiti yake huiwezesha kudai VAT. Fundi seremala wa kata anaweza kutengeneza madawati mazuri kuliko karakana kubwa ya mjini, lakini akakosa kazi kwa sababu ya aina ya risiti anayotoa.

Kwa upande mwingine, aliyesajiliwa ana mzigo ambao mdogo ameepushwa. Hana budi kutoza asilimia 18 juu ya bidhaa zinazotozwa, kuwasilisha ritani kila mwezi kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na kuhimili ukaguzi. Mwenye duka mdogo anayemuuzia mlaji wa mwisho haongezi asilimia 18 juu ya faida yake mwenyewe, naye huweza kushindana kwa bei. Ukomo wa usajili, kwa hiyo, ni kinga kwa anayemuuzia jirani na ni kizuizi kwa anayetaka kuiuzia kampuni.

Gharama isiyopungua

Kila biashara, kubwa kwa ndogo, inatakiwa kuwa na Namba ya Utambulisho wa Mlipakodi, leseni, hati ya uthibitisho wa kodi na vibali vya afya au vya usalama kulingana na shughuli yake. Baadhi ya vitu hivi, kama namba ya mlipakodi, hutolewa bure. Lakini muda hautolewi bure. Mwenye duka akifunga siku nzima kwenda kufuatilia karatasi, mauzo ya siku hiyo yamepotea. Kampuni ina afisa aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, na mauzo yanaendelea.

Hili ndilo jambo linalomlemea mdogo hata pale ambapo sheria haikukusudia. Ada ya shilingi 50,000 kwa mwenye mauzo ya milioni 5 ni asilimia 1 ya mauzo yake. Kwa mwenye mauzo ya bilioni 5 haionekani hata kwa kuitafuta. Serikali ilikiri tatizo hili katika mpango wa kuboresha mazingira ya biashara uliopitishwa mwaka 2018 na kuanza kutekelezwa Julai 1, 2019, ambapo tozo kadhaa zilifutwa au kuunganishwa.

Ziko sheria nyingine zilizoweka ukomo wa kumlinda mdogo. Tangu mwaka 2021, tozo ya kuendeleza ufundi stadi huwahusu waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi. Awali waliguswa waajiri wenye wafanyakazi 4.

Misamaha na meza ya mazungumzo

Mkubwa ana njia mbili ambazo mdogo hazifikii kwa urahisi. Ya kwanza ni misamaha ya uwekezaji. Sheria ya mwaka 2002 ya maeneo huru ya uzalishaji kwa mauzo ya nje iliwapa wawekezaji msamaha wa kodi ya kampuni kwa miaka 10 ya mwanzo, pamoja na msamaha wa kodi za serikali za mitaa kwa muda huohuo. Sheria ya Uwekezaji ya mwaka 2022 ilishusha mtaji wa chini kwa mwekezaji Mtanzania anayetaka vivutio hadi dola 50,000 za Marekani, kutoka dola 100,000. Kushushwa huko kumewafikia wengi wa kati, lakini bado kiasi hicho ni mbali na duka la kata. Hoja ya misamaha ni kwamba kiwanda huleta ajira na fedha za kigeni. Hoja hiyo ina uzito, nasi wakazi tuna haki ya kuuliza ni ajira ngapi zimepatikana na zimewafikia nani.

Njia ya pili ni mazungumzo. Mwezi Julai 2017 kampuni ya madini ya Acacia ilipokea madai ya kodi, adhabu na riba yaliyofikia dola bilioni 190 za Marekani kuhusu migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi. Mwezi Oktoba 2019 Serikali na kampuni ya Barrick, ambayo ilikuwa imeichukua Acacia, zilitangaza makubaliano. Madai yote yangemalizwa kwa malipo ya dola milioni 300, na Serikali ingepata hisa asilimia 16 katika migodi. Iliundwa pia kampuni ya Twiga kusimamia migodi hiyo kwa pamoja. Hapa hatuhukumu ni nani alikuwa na haki. Tunachojifunza ni kwamba mgogoro mkubwa wa kodi una wanasheria, wahasibu na meza ya mazungumzo. Mgogoro wa shilingi laki mbili hauna meza hiyo, nao humalizika kimya kimya, mara nyingi kwa mdogo kulipa asichoridhika nacho au kufunga duka.

Mtu na kampuni: nani hubeba deni?

Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002 huitambua kampuni kama mtu anayejitegemea. Kampuni ya dhima yenye kikomo ikifilisika, mwenye hisa hupoteza hisa zake. Nyumba yake na shamba lake kwa kawaida haviguswi. Anayefanya biashara kwa jina lake, au kwa jina la biashara lililosajiliwa BRELA, hana ukuta huo. Kusajili jina la biashara hakutenganishi mali yako na madeni ya duka. Deni la duka ni deni lako wewe.

Je, kila mwenye duka aunde kampuni? Hapana. Kama tulivyoona, kampuni hulipa asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza ya faida, haina kiwango kisichotozwa, na inapaswa kuwasilisha taarifa za kila mwaka na hesabu zilizothibitishwa na mhasibu. Aidha, benki inapoikopesha kampuni changa huwataka wakurugenzi waweke dhamana zao binafsi, na hapo ukuta wa dhima hutobolewa. Kampuni humfaa yule ambaye biashara yake ina hatari kubwa ya madeni, ina wabia kadhaa, au inatafuta zabuni zinazotaka hadhi hiyo.

Haki ya kupinga makadirio

Usiporidhika na makadirio ya kodi, Sheria ya Usimamizi wa Kodi inakupa siku 30, tangu ulipopokea uamuzi, za kuwasilisha pingamizi kwa maandishi kwa Kamishna Mkuu, ukieleza sababu zako. Siku hizo zikipita bila pingamizi, makadirio husimama, isipokuwa uwe umeomba na kupewa muda wa nyongeza kwa sababu ya msingi kama ugonjwa.

Pingamizi lina sharti la fedha. Unatakiwa kulipa theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, au kiasi usichokibishia, kile kilicho kikubwa zaidi. Kwa makadirio ya shilingi 900,000, theluthi ni shilingi 300,000. Kampuni huitoa fedha hiyo katika akaunti yake. Kwa mwenye duka, ndiyo mtaji wa kununulia bidhaa. Wengi hawajui kwamba sheria inamruhusu Kamishna Mkuu kupunguza au kusamehe malipo hayo mlipakodi anapoomba na kutoa sababu zenye uzito. Omba kwa maandishi, na utunze nakala yenye mhuri wa kupokelewa.

Usiporidhika na uamuzi wa pingamizi, unaweza kwenda Bodi ya Rufani za Kodi, kisha Baraza la Rufani za Kodi, na mwisho Mahakama ya Rufani kwa hoja za kisheria. Kwa malalamiko kuhusu namna ulivyohudumiwa, sheria ilirekebishwa mwaka 2019 ili awepo msuluhishi wa malalamiko ya kodi, aliye nje ya TRA.

Upande wa halmashauri

Si kodi zote hukusanywa na TRA. Halmashauri hutoza ushuru wa huduma chini ya Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ambao kwa miaka mingi kiwango chake hakikuzidi asilimia 0.3 ya mauzo baada ya kutoa VAT. Huu nao hupima mauzo, hautazami faida. Kwa hiyo tahadhari ya faida nyembamba inahusika hapa pia. Mwenye kumbukumbu hulipa kwa mauzo aliyoyafanya, asiye nazo hulipa kwa mauzo aliyokadiriwa.

Leseni za biashara za kundi B hutolewa na halmashauri, na maombi yake hufanywa kwa mfumo wa TAUSI. Leseni za kundi A, kwa biashara zenye sura ya kitaifa na kimataifa, hutolewa na BRELA. Hakikisha kundi lako kabla ya kulipa.

Yapo pia mambo mawili ambayo sheria imeyaweka kwa ajili ya mdogo. Kwanza, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa mwaka 2023 na utoaji wake ukarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya. Pili, sheria ya ununuzi wa umma inazitaka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao kwa makundi maalumu ya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi cha mafundi seremala kilichosajiliwa katika mfumo wa ununuzi wa NeST kinaweza kuomba kazi ya madawati bila kushindana na karakana kubwa.

Hatua tano za kuanza nazo

1. Nunua daftari leo. Kila jioni andika tarehe, mauzo ya siku, manunuzi na matumizi. Dakika 10 zinatosha.

2. Dai risiti kwa kila bidhaa unayonunua, na uziweke katika bahasha ya kila mwezi. Zitunze kwa miaka 5.

3. Kila robo mwaka jumlisha mauzo, na ulipe awamu yako kabla ya Machi 31, Juni 30, Septemba 30 na Desemba 31.

4. Mwezi Novemba linganisha mauzo na faida yako. Ikiwa faida ni nyembamba kama ya mfano wetu, uliza TRA kuhusu kutoka katika makadirio kwa mwaka unaofuata.

5. Ukipokea makadirio usiyoyakubali, andika tarehe uliyoyapokea juu ya barua, na uhesabu siku 30 kuanzia hapo.

Tofauti nyingine zilizotajwa, kama misamaha ya uwekezaji, theluthi ya pingamizi na ukomo wa VAT, haziwezi kubadilishwa na mtu mmoja dukani kwake. Hizo hubadilishwa na Bunge, na hoja hufika bungeni kupitia mikutano ya kata, madiwani, mbunge na jumuiya za wafanyabiashara. Anayekwenda katika mkutano huo na daftari lenye hesabu za mwaka mzima, akaonyesha kwamba kodi imechukua asilimia 60 ya faida yake, husikilizwa tofauti na anayekwenda na manung'uniko.

Kwa maelezo zaidi kuhusu leseni, ushuru na mikopo, muone Mtendaji wa Kata, Afisa Biashara au Afisa Maendeleo ya Jamii. Kwa kodi ya mapato na VAT, fika ofisi ya TRA ya wilaya ukiwa na namba yako ya mlipakodi na daftari lako.